Chuma Kilikuwa Kwenye Mchanganyiko

Kapu la mbegu za maharage katika vilima vya Rwanda na Burundi halikuwa la rangi moja. Mlikuwa na punje nyekundu, za njano, nyeupe, nyeusi na za zambarau, zenye madoa na zenye mistari, nene na ndogo, na zote zilipandwa katika shamba moja, zikavunwa pamoja, zikapikwa chungu kimoja. Watafiti waliozichambua katika miaka ya 1980 walikuta kuwa mchanganyiko wa kaya moja ungeweza kuwa na aina zaidi ya ishirini. Kwa mnunuzi wa mjini, na kwa bwana shamba aliyefundishwa kuwa shamba bora ni la mbegu moja, hali hiyo ilionekana kuwa uzembe uliohitaji kurekebishwa. Mimi nashikilia kinyume chake. Chuma na zinki ambavyo wanasayansi wamefaulu kuviongeza katika maharage ya leo vilitoka katika utofauti wa namna hii, uliotunzwa kwa karne nyingi na watu wasiokuwa na kipimo chochote cha madini. Na elimu ya urithi, ambayo sehemu ya misingi yake iliwekwa kwa punje za maharage, inaonyesha kwamba bila utofauti huo pasingekuwa na kitu cha kuongeza.

Utofauti wenyewe haukuanzia Afrika. Maharage ya kawaida, Phaseolus vulgaris, ni mmea wa Amerika, na mababu zake wa porini waligawanyika makundi mawili muda mrefu kabla mkulima yeyote hajawagusa. Uchambuzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kuwa makundi hayo yaliachana miaka ipatayo 165,000 iliyopita, moja likikaa Mexico na Amerika ya Kati, jingine likishika milima ya Andes. Miaka kama 8,000 iliyopita watu wa pande hizo mbili, bila kujuana, walianza kuyapanda na kuyachagua, hivyo maharage yakawa zao mara mbili. Maharage ya Andes kwa kawaida yana punje kubwa. Yale ya Amerika ya Kati yana punje ndogo au za wastani. Katika miaka ya 1980 Paul Gepts na wenzake walithibitisha asili hizo mbili kwa kutazama faseolini, protini kuu inayohifadhiwa ndani ya punje, ambayo umbo lake hutofautiana baina ya koo hizo. Hivyo haragwe lolote, hata likiwa limeokotwa sokoni Kigoma, hubeba ndani yake habari za upande lilikotoka.

Mazao ya Amerika yalianza kufika Afrika katika karne ya 16, Wareno walipounganisha kwa meli Brazil, pwani za Afrika na Bara Hindi. Mahindi, muhogo, karanga na maharage vilipita njia hizo, kisha vikapanda bara kwa mikono ya Waafrika wenyewe, soko hadi soko na ukwe hadi ukwe. Wamisionari na maafisa wa Kijerumani walipoingia Rwanda na Burundi mwishoni mwa karne ya 19, maharage yalikuwa tayari chakula cha kila siku katika nchi ambazo hazikuwa na wakulima wa Ulaya wala meli zao. Vipimo vya vinasaba vya miaka ya karibuni vinaonyesha jinsi kila eneo lilivyopokea kwa namna yake. Ethiopia ilielemea upande wa Amerika ya Kati, Kenya ikaelemea upande wa Andes, na katika nyanda za juu za Maziwa Makuu koo zote mbili zikaishi bega kwa bega. Hali hii ya mwisho ina uzito mkubwa kwa hoja yangu. Koo hizo mbili zilikuwa zimekaa mbalimbali kiasi kwamba machotara wake mara nyingine hudumaa au kufa wangali miche, kwa sababu jeni fulani za upande mmoja hazipatani na za upande wa pili. Ua la haragwe kwa kawaida hujichavusha lenyewe, lakini nyuki huvusha chavua mara chache kutoka mmea hadi mwingine. Miche dhaifu ikifa na ile yenye nguvu ikibaki, shamba la mchanganyiko hutoa punje ambazo hakuna mtu aliyezipanda.

Aliyeamua punje ipi ibaki kwa kawaida alikuwa mwanamke. Katika Rwanda, Burundi, Kivu na Kigezi, uchaguzi wa mbegu ulikuwa kazi yake, na vigezo vyake vilikuwa vingi kuliko vya kituo chochote cha utafiti: aina ipi huvumilia mvua nyingi ya Machi, ipi huzaa kwenye udongo uliochoka, ipi hustahimili kivuli cha migomba, ipi majani yake ni mboga nzuri, ipi huiva upesi kuni zikiwa haba, ipi hukaa tumboni mtoto akalala ameshiba. Katika kibanja cha Wahaya, maharage yaliyopandwa chini ya migomba yalihitaji sifa ambazo yale ya shamba la wazi hayakuzihitaji. Hata uwiano wa mchanganyiko haukuachwa ujiendee tu. Wakulima walirekebisha mbegu kwa ajili ya shamba la bondeni na la mlimani, la msimu mrefu na mfupi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Louise Sperling na wenzake waliwaalika wanawake waliotambuliwa vijijini kuwa mabingwa wa maharage waje katika kituo cha utafiti cha Rwanda wachague wenyewe kati ya aina zilizokuwa bado kwenye majaribio. Aina walizozichagua ziliwashinda wataalamu: zilipopandwa mashambani zilizidi mazao ya mchanganyiko wa kienyeji mara nyingi zaidi kuliko zile zilizoteuliwa na kituo. Sioni muujiza hapo. Mtu anayepima kwa vigezo kumi huona mengi kuliko anayepima kwa kigezo kimoja.

Upande wa pili wa historia hii uko katika bustani za Ulaya. Gregor Mendel anakumbukwa kwa njegere, lakini katika makala yake ya mwaka 1866 alieleza pia majaribio ya maharage. Kimo na umbo la ganda vilitii kanuni alizokwisha kuziona kwenye njegere. Rangi za maua na punje hazikutii. Machotara wake walitoa rangi za kila namna, naye akakisia kuwa rangi moja huenda imeundwa na sifa mbili au zaidi zinazorithiwa kila moja kivyake. Wazo hilo, kwamba jambo moja linaloonekana linaweza kuwa na sababu nyingi za urithi zilizojificha, ndilo ufunguo wa suala zima la madini, ingawa ilichukua zaidi ya miaka mia moja kabla mtu hajalitumia hivyo.

Baada yake alikuja Wilhelm Johannsen wa Copenhagen, ambaye jaribio lake naliona kuwa muhimu kuliko yote katika simulizi hili. Alichukua maharage ya kibiashara yaliyoitwa Princess, akatenga koo 19, kila moja ikitokana na punje moja ya mmea unaojichavusha wenyewe, akawa anapima uzito wa punje kizazi baada ya kizazi. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1903 yalikuwa mawili. Ukichagua punje kubwa kutoka gunia lenye mchanganyiko, watoto wao huwa wakubwa kwa wastani. Ukichagua punje kubwa ndani ya ukoo mmoja safi, hupati chochote: watoto wa punje kubwa na wa punje ndogo hulingana uzito, kwa maana tofauti ya wazazi ililetwa na udongo, maji na nafasi ya punje ndani ya ganda, wala si na urithi. Kutokana na kazi hiyo Johannsen alitenganisha kile ambacho kiumbe amerithi na kile kinachoonekana kwa nje, na mwaka 1909 akalipa jina gen lile jambo linalorithiwa, jina ambalo leo dunia nzima inalitumia. Miaka 14 baadaye Karl Sax wa Marekani alionyesha, tena kwa maharage, kuwa uzito wa punje huandamana na rangi ya ganda lake la nje. Yaani alama inayoonekana kwa macho inaweza kumwelekeza mtafiti kwenye jeni ya kitu kisichoonekana. Mbinu nyingi za kusaka jeni za chuma na zinki zimejengwa juu ya wazo hilo la mwaka 1923.

Kilimo cha karne ya 20 kilichukua nusu tu ya fundisho la Johannsen. Kilipenda ukoo safi, kwa sababu ukoo safi huota pamoja, huiva pamoja, huuzika kwa jina moja. Nusu ya pili, kwamba ndani ya ukoo safi uchaguzi hauna tena nguvu, haikutiliwa maanani ipasavyo. Kenya ni mfano ulio wazi. Chini ya ukoloni, maharage yaliyotafutwa na soko la nje yalikuwa ya rangi moja, hasa meupe ya kusindikwa kwenye makopo, wakati mashamba ya wanawake yalikuwa yamejaa punje nyingine na jamii nyingine za kunde, kama njahi ambayo Wakikuyu huwapikia waliojifungua. Baada ya uhuru, mradi wa mikunde uliokuwa Thika ulikusanya mbegu za wakulima, ukazisafisha, ukatoa aina chache zilizopewa namba: GLP 2 ambayo soko linaijua kama Rosecoco au Nyayo, GLP 585 ambayo ni Wairimu, GLP 1004 ambayo ni Mwezi Moja, GLP x92 ambayo ni Mwitemania. Zilikuwa mbegu nzuri, na familia nyingi zimesomesha watoto kwa sababu yake. Lakini zilichaguliwa kwa mavuno, magonjwa, rangi na muda wa kukomaa. Uwezo wa kurithi wa kila moja wa kukusanya chuma ndio uliobaki humo milele, mkubwa au mdogo, kwa kuwa hakuna aliyeupima na hakuna uchaguzi ambao ungeweza kuubadilisha ndani ya ukoo uliokwisha kusafishwa.

Kipimo kilikuja baadaye. Kituo cha Kimataifa cha Kilimo cha Kitropiki, CIAT, kilichoanzishwa mwaka 1967 karibu na Palmira nchini Colombia, kilikuwa kimekusanya makumi ya maelfu ya sampuli za maharage kutoka pande zote za dunia. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa lishe walipoanza kusisitiza kuwa mtu anaweza kushiba na bado akaumwa kwa kukosa madini, Stephen Beebe na wenzake walipanda na kupima sampuli zaidi ya 1,000 zilizoteuliwa kuwakilisha hifadhi hiyo. Wastani wa chuma ulikuwa miligramu 55 katika kilo moja ya maharage makavu, lakini sampuli zilitoka 34 hadi 89. Zinki ilikuwa na wastani wa 35, kuanzia 21 hadi 54. Kilichonigusa katika takwimu hizo ni upana wake. Bila ya mboreshaji wa mbegu kugusa chochote, haragwe moja lilikuwa na chuma mara mbili na nusu ya jingine, na tofauti hiyo ilikuwa imekaa katika mitungi na vihenge vya wakulima tangu zamani. Aidha, chuma na zinki vilielekea kupanda pamoja, hivyo aliyetafuta kimoja alipata sehemu ya kingine.

Jeni zenyewe zilipotafutwa, ubashiri wa Mendel ulijitokeza tena. Matthew Blair na wenzake walichukua uzao wa chotara wa aina mbili, moja ya Amerika ya Kati na moja ya Andes, wakapima koo zilizotokana nao, na mwaka 2009 wakaripoti maeneo 26 ya vinasaba yanayohusiana na chuma au zinki katika majaribio yao. Mengi yana mchango mdogo. Kundi moja lenye nguvu lilijikusanya kwenye kromosomu ya 11, kati ya 11 alizo nazo haragwe. Haishangazi kuwa ni mengi, ukifuata safari ya chuma ndani ya mmea. Chuma kipo kwa wingi katika udongo, lakini katika hali ambayo mzizi hauwezi kukifyonza. Mzizi wa haragwe hutoa tindikali kulegeza udongo, hukibadilisha chuma kwa kimeng'enya kilicho kwenye ngozi yake, hukiingiza kwa mlango maalumu wa protini, kisha hukisindikiza kwa molekuli zinazokizuia kisidhuru chembe za mmea, hadi kifike kwenye punje inayojaza. Kila hatua ina jeni zake, na katika kila hatua aina moja inaweza kuwa hodari na nyingine dhaifu. Uhodari wa hatua zote haukukusanyika katika aina moja. Ulitawanyika, kipande huku, kipande kule. Ili kuukusanya ilibidi aina nyingi ziwepo.

Programu ya HarvestPlus ya kuongeza madini katika mazao, iliyoanza mwaka 2003 ikiongozwa na Howarth Bouis, iliweka lengo la miligramu 94 za chuma kwa kilo, yaani 44 juu ya 50 zilizohesabiwa kuwa kiasi cha kawaida. Rwanda ilichaguliwa kwa sababu iliyo wazi: watu wake ni miongoni mwa walaji wakubwa wa maharage duniani. Mwaka 2010 nchi hiyo ilitoa aina za kwanza zenye chuma kingi, zikiwemo za kutambaa juu ya miti kama MAC 44 na za kichaka kama RWR 2245, na nyingine zikafuata mwaka 2012. Kisha likafanyika jaribio lililojibu swali ambalo maabara haiwezi kulijibu. Wanafunzi wa kike 195 wa chuo kikuu huko Huye, wote wakiwa na akiba ndogo ya chuma mwilini, waligawanywa makundi mawili na kula maharage kwa siku 128. Kundi moja lilikula yenye miligramu 86 hivi kwa kilo, jingine yenye 50. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa himoglobini ya kundi la kwanza ilipanda zaidi, kwa gramu 3.8 kwa lita, na akiba ya chuma mwilini ikaongezeka pia. Uganda, Kongo, Kenya na Tanzania nazo zimetoa aina zao. Ni mafanikio ya kweli, na sisemi haya kwa shingo upande.

Lakini ni mafanikio ya nani? Pingamizi la kwanza linaniambia kuwa nampa mkulima sifa isiyo yake: mwanamke wa Gitarama wa mwaka 1900 hakuchagua chuma, alichagua ladha na mavuno, hivyo chuma kilibaki kwa bahati. Nakubali kuwa hakukusudia. Sijengi hoja yangu juu ya nia yake. Najenga juu ya upana wa vigezo vyake, ambao ulizuia kundi zima la mbegu kuminywa kupitia tundu moja. Lau wakulima kama yeye wangekuwa na kigezo kimoja, mavuno peke yake, mengi ya maeneo kama yale 26 huenda yangekuwa yamepotea kabla hayajapewa namba. Wala si kweli kwamba vigezo vyake havikugusa lishe. Katika uchunguzi wa miaka ya karibuni, kundi la Karen Cichy huko Michigan lililinganisha maharage mawili ya njano yaliyotoka Afrika, moja la Angola na jingine la Burundi. Lile la Angola huiva haraka zaidi, na chuma chake hufyonzwa kwa urahisi zaidi. Mama anayependa haragwe linaloiva upesi ili kuokoa kuni huweza, bila kujua, kuwa anapendelea haragwe linalolisha damu vizuri zaidi.

Pingamizi la pili ni la mwanakemia wa udongo: huenda madini ya punje ni habari ya shamba, si ya ukoo. Ni kweli kwamba udongo una sauti kubwa. Aina ileile ikipandwa vituo viwili huweza kutofautiana sana, na vumbi jekundu lililoganda kwenye ganda limewahi kudanganya vipimo, ndiyo maana maabara makini hupima pia alumini, ambayo ikiwa nyingi huonyesha kuwa sampuli ina uchafu wa udongo. Hata hivyo Johannsen alikwisha kutupa njia ya kutenganisha mambo hayo: panda koo nyingi mahali pamoja, na koo moja mahali pengi. Ilipofanywa hivyo, mpangilio wa koo haukuvurugika wote. Zilizo tajiri zilielekea kubaki tajiri. Urithi na udongo vinafanya kazi pamoja, na mbegu tajiri kwenye ardhi iliyochoka haitaleta miujiza. Jambo hilo linaniongezea nguvu, kwa kuwa maana yake ni kwamba aina moja haitoshi kwa udongo wa namna zote.

La tatu ni zito zaidi. Chuma cha kwenye punje si chuma cha kwenye damu. Mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya chuma cha maharage, kwa sababu kokwa ina asidi ya faitiki, inayoyashika madini na kuyazuia, na ganda la rangi lina polifenoli zinazofanya vivyo hivyo. Waboreshaji wa mbegu walijaribu njia ya mkato: watafiti wa Italia walipata haragwe lenye badiliko la jeni moja lililopunguza asidi ya faitiki kwa asilimia 90 hivi. Kwenye karatasi lilikuwa jawabu kamili. Lilipojaribiwa kwa wanawake wa Rwanda wenye upungufu wa chuma, halikuwapa chuma zaidi ya lile la chuma kingi lililoboreshwa kwa njia ya kawaida, tena lilikuwa gumu kuiva na likawaletea wengi wao maumivu na msukosuko wa tumbo. Hili ni tukio ambalo ningependa lifundishwe katika kila chuo cha kilimo, kwa sababu linaonyesha kinachotokea kigezo kimoja kinapotangulia vingine vyote, hata kiwe chema. Wapishi wa Maziwa Makuu wangelikataa haragwe lile siku ya kwanza, kwa kutazama moto tu.

Na liko pingamizi la wachumi: mchanganyiko ni wa umaskini, soko linataka rangi moja, na nchi haiwezi kulisha miji kwa vikapu vya punje ishirini. Tangu mwaka 2007 Rwanda imefuata mpango wa kuongeza tija uliounganisha mashamba na kuhimiza zao moja kwa eneo, na maharage yalikuwa kati ya mazao yaliyopewa kipaumbele. Mavuno yalipanda, na sitaki kudharau kilo moja kati ya hizo. Ila tukumbuke mwaka 1994. Baada ya mauaji ya kimbari, vituo vya kimataifa vilianzisha mpango ulioitwa Mbegu za Matumaini, vikazalisha mbegu katika nchi jirani ili kurudisha zile zilizodhaniwa kupotea. Tathmini za baadaye zilionyesha kuwa sehemu kubwa ya utofauti wa maharage ilikuwa imesalimika, imehifadhiwa na kaya, majirani na masoko ya vijijini. Wengi walikosa fedha za kununua mbegu, lakini mbegu zilikuwepo. Viazi mviringo, ambavyo mbegu zake zilitegemea zaidi mfumo rasmi, viliumia kuliko maharage. Ghala lililosambaa katika nyumba laki kadhaa halichomwi kwa siku moja. Soko la rangi moja linaweza kuhudumiwa na sehemu ya shamba, na linahudumiwa hivyo tayari. Wakulima wengi hupanda ya kuuza upande mmoja na ya kula upande mwingine.

Hatari ninayoiona sasa ni kwamba maharage ya chuma yatumiwe kuwa sababu mpya na ya heshima ya kuondoa mchanganyiko. Sheria za mbegu katika nchi zetu zinataka aina inayosajiliwa itofautiane na nyingine, ifanane yenyewe kwa yenyewe, isibadilike. Kwa maneno ya Johannsen, zinataka ukoo safi. Mchanganyiko hauna mlango wa kuingilia. Tanzania imepiga hatua kwa daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, linalowaruhusu wakulima wadogo kuzalisha na kuuza mbegu katika maeneo yao, lakini nalo huanzia kwenye aina iliyokwisha kusajiliwa. Kugawa aina mbili au tatu zenye miligramu 90 katika wilaya nzima, na kuhesabu mafanikio kwa idadi ya kaya zilizoacha za zamani, ni kula mbegu ya msimu ujao. Kizazi kijacho kitahitaji kitu ambacho hatujakipima vya kutosha: kalsiamu, protini inayomeng'enywa vizuri, punje inayoiva kwa moto mdogo, mzizi unaofyonza zinki katika udongo ulioishiwa. Tutakitafuta wapi?

Benki za jeni ni sehemu ya jibu. Mkusanyo wa maharage 396 ya upande wa Andes, ulioundwa kwa ajili ya utafiti na kutangazwa mwaka 2015, una sampuli nyingi za Afrika, na zile zilizokusanywa Tanzania na kutunzwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni sehemu kubwa yake. Lakini mbegu iliyo kwenye barafu haikutani na ugonjwa mpya wala na mvua iliyobadili mwezi, na nyuki hawafiki huko. Leo mashine ya eksirei hupima chuma na zinki katika sampuli ya punje kwa dakika chache, kwa gharama ndogo kuliko njia za zamani za kemikali. Mashine hizo hutumika zaidi kukagua mbegu mpya za vituo. Zinafaa pia kupelekwa Kasulu, Ngara, Kigezi na Walungu, kupima kila rangi iliyomo kwenye kapu pamoja na mwenye kapu, na kumwachia majibu ili ayaongeze kwenye vigezo vyake. Kazi hiyo itangulie ugawaji wa mbegu mpya katika kijiji, isiufuate, kwa sababu haragwe lililoachwa bila kupandwa katika joto la ghala la kawaida hupoteza uwezo wa kuota ndani ya misimu michache tu.